Bibi Anataka Kung'oa Jino Lisilotikisika

Mwalimu Zita, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye kizingiti cha banda la ng'ombe, ndoo ya maziwa haijafunikwa na karatasi iko magotini, kwa hiyo nikikosea mahali unisamehe, na nakusihi unijibu katika gazeti lako kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi binti yangu atang'olewa jino na Jumapili atasimama mbele ya usharika wote kuimba, na katika boma letu zima ni mimi peke yangu ninayeamini kwamba jino hilo halipaswi kung'olewa.

Nianze na furaha, kwa kuwa furaha ipo na ni kubwa. Binti yangu anaitwa Loveness, ana miaka minane, yuko darasa la tatu, na mwaka huu katika Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, siku ambayo hapa kwetu Masama watoto ndio wanaoongoza ibada nasi wakubwa tunakaa kimya tukiwasikiliza, amechaguliwa kuanzisha wimbo peke yake kabla kwaya ya watoto haijaitikia. Tangu tupate habari hiyo hakuna aliyetulia. Gauni jeupe limekwisha kushonwa, mashangazi walioko Moshi mjini wamesema wanapanda kuja huku, majirani wananisimamisha njiani kuniuliza kama ni kweli, na mume wangu, Godbless, ambaye ni mwongoza watalii na sasa yuko mlimani na wageni, kule ambako simu yake haipatikani, ameahidi kwamba akishuka kwenye lango la hifadhi Jumamosi jioni hatalala mjini bali atakuja nyumbani moja kwa moja.

Sasa nije kwenye jino. Ni gego la chini upande wa kulia, lile la nyuma kabisa, na liliota Loveness alipokuwa darasa la kwanza. Tangu lilipochomoza halikuwa kama mengine, kwa maana lilikuwa na doa la njano lililoelekea rangi ya kahawia, doa lenye mpaka wake kabisa, kama utomvu wa ndizi ulioingia kwenye nguo nyeupe. Nilimwonyesha mama mkwe wangu, Bibi Mektrida, ambaye tunaishi naye boma moja, akatazama, akacheka, akaniambia kwamba hayo ni maji tu. Yeye alikulia kule chini tambarare, na meno yake yote, ya juu na ya chini, yana rangi ya chai iliyokolea. "Tazama haya," akasema, akifungua kinywa, "yana rangi hii tangu nikiwa binti na hadi leo yanavunja mfupa wa mbuzi. Rangi haiozeshi jino." Basi tukaamini, na nani angebisha, ikiwa mwenye meno amesimama mbele yako akiyaonyesha.

Hata hivyo doa lile lilinikera, na nilipokuwa nikimwogesha nilikuwa nachukua majivu ya jikoni na mkaa uliosagwa, nalisugua kwa kidole nikidhani litang'aa, naye alikuwa akilia na kurudisha kichwa nyuma, nami nikamwambia anadeka. Baadaye akaanza kukataa maji ya bomba asubuhi, akipiga mswaki anapiga ya mbele tu, akitafuna anatafuna upande wa kushoto, nami nikasema huyu sasa ameanza madaha. Mwaka huu mahindi yalipoiva tukachoma, akauma, kipande cha jino kikabanduka, chembamba kama ganda la yai, na mahali pale pakafanya tundu, na tundu likaanza kuuma. Sasa kwenye mazoezi ya kwaya, akivuta pumzi ili apandishe sauti, ile baridi ya jioni inaingia kwenye jino, naye anashika shavu na wimbo unakatika. Mwalimu wa kwaya amekuwa mvumilivu, lakini ameanza kumtazama mtoto mwingine.

Hapo ndipo Bibi alipoamua. Naomba unielewe, Mwalimu, mambo ya meno ya watoto katika boma letu ni ya Bibi. Mtoto akilegea jino, hupelekwa kwa Bibi, Bibi hulifunga uzi, humsimulia mtoto hadithi, na kabla hadithi haijafika mwisho jino liko mkononi. Kisha mtoto huipa nyumba mgongo, hulitupa jino juu ya paa kwa nyuma, na kuomba aletewe jipya. Watoto wanaipenda shughuli hiyo kuliko keki. Zaidi ya hayo, Loveness ni wajina wake, kwani kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, naye alibatizwa Loveness Mektrida, na Bibi anapomwita "wajina" utadhani anajiita mwenyewe. Kwa hiyo aliposema jambo hili ameshalimaliza, lilikuwa limemalizika. "Hilo ni la utoto," alisema. "Jumamosi nashuka naye sokoni, yupo mtu wangu wa kung'oa. Litatupwa juu ya paa, litakuja jipya jeupe. Mtoto haendi kumwimbia Mungu huku ameshika shavu."

Nami ningekubali, Mwalimu, kama si Gidioni. Gidioni ni mtoto wa shemeji yangu, nyumba yao na yetu zinatazamana, ana miaka kumi na mmoja. Miaka mitatu iliyopita aliumwa jino la mahali palepale, upande uleule, Bibi akampeleka kwa mtu yuleyule, likang'olewa, likatupwa juu ya paa kwa heshima zote, na mpaka leo hakuna kilichoota. Wenzake wanamwita kibogoyo. Bibi anayo maelezo yake. Anasema mwaka ule shemeji alikuwa ameezeka upya kwa yale mabati ya rangi yanayoteleza, jino likapanda, likashindwa kukaa, likashuka, naye anaapa kwamba alilisikia likiteleza mpaka likaangukia mgombani. Ndiyo maana safari hii ameandaa paa la banda la ng'ombe, bati kuukuu lenye kutu na mawe juu yake, jino likifika pale halina pa kwenda. Gidioni mwenyewe amelifanya mzaha. Juzi aliniambia, "Mama mdogo, jino langu liliota kule mgombani. Subiri, tutakata mkungu wenye meno." Tukacheka sote. Kisha, alipokwisha kucheka, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kwa kawaida jino huchukua miaka mingapi kurudi.

Swali lile lilinifuata mpaka jana. Jana baada ya ibada nilimketisha Gidioni mlangoni, nikamulika kinywa chake kwa tochi ya simu. Pengo liko wazi, ufizi umefunga, na la nyuma yake linaloanza kuchomoza limeinama kuelekea pengoni kama mgomba uliokosa nguzo. Nikamwita Loveness nikammulika naye. Ana jino la juu, la pembeni mwa yale mawili ya mbele, linalotikisika mpaka analisukuma kwa ulimi, hilo kweli la utoto. Lakini gego lile bovu, Mwalimu, nililigusa taratibu kwa kidole na lilikuwa imara kama nguzo iliyomwagiwa zege. Halafu nikakumbuka jambo ambalo sijui lilikuwa limejificha wapi siku zote hizi: kabla ya gego lile kuota, hakuna jino lolote lililotoka mahali pale. Hakuna uzi, hakuna hadithi, hakuna paa. Liliota tu, nyuma ya mengine. Niliinuka ghafla nikapiga ndoo teke. Kwa maana ikiwa si la utoto, basi Gidioni anangoja kitu kisichokuja, na Jumamosi tunamfanya Loveness aanze kukingoja pamoja naye.

Nilikwenda jikoni nikamwambia Bibi kwa upole. Alikuwa akimenya ndizi, na hakuinua macho. "Elifuraha," akasema, "kati yangu mimi na wewe, nani alianza kuwa na meno?" Nikachukua kisu nikamenya naye. Jioni tulipokutana na wanawake wa jumuiya akawatangazia kwamba Jumamosi wajina wake anatolewa jino bovu ili Jumapili aimbe bila maumivu, wanawake wakapiga makofi, na mimi, Mwalimu, nikapiga makofi pamoja nao.

Usinione mwoga bure. Huyu ndiye aliyenilisha mtori wa ndizi na nyama nilipojifungua mpaka nikaweza kusimama. Na Loveness alipokuwa hajatimiza mwaka alishikwa na homa kali ya kifua, homa iliyokuja na kuondoka na kurudi, mpaka mimi mama yake nikakata tamaa nikawa nalia tu, na Bibi ndiye aliyemfunga mgongoni akashuka naye hospitalini kwenye mvua na kulala sakafuni kando ya kitanda chake. Bila Bibi leo hakuna Loveness wala wimbo. Nitamwambiaje mtu huyo kwamba hajui linalomfaa mtoto huyu? Jirani mmoja naye ameniongezea mzigo, anasema jino limeharibika kwa sababu nilimeza dawa za malaria nikiwa mjamzito. Je, ni kosa langu? Nimewaza kusema uongo kwamba mtoto ana homa. Nimewaza kumpeleka kwa mama yangu Kahe arudi Jumapili asubuhi. Nimewaza kumngoja mume wangu, lakini akifika Jumamosi jioni jino litakuwa limekwisha kutupwa juu ya banda. Niambie la kufanya nami nitalifanya.

Ni mimi, Mama Loveness, Masama.

Jibu la Mwalimu Zita

Mama Loveness, marahaba. Sentensi zako ni ndefu kama mfereji utokao msituni, lakini maji yamefika shambani nami nimeyaona. Gazeti hili linatoka Alhamisi na Jumamosi bado iko mbele yetu. Tumewahi. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, na nilipofika kwenye ndoo uliyoipiga teke nilitamani kupiga ya kwangu.

Jibu lako ni hili: Loveness asipelekwe sokoni. Gego hilo ni la ukubwani.

Sisemi hivyo kwa kubahatisha. Kabla ya kushika kalamu nilimsomea barua yako daktari wa kinywa na meno ninayemwamini. Alinikumbusha kwamba haponyi kinywa ambacho hajakitazama, na mengine yote atayasema atakayemwona mtoto. Lakini kuhusu mahali lilipo jino hakusita. Nawe huna haja ya kumwamini yeye wala mimi. Mketishe Loveness penye mwanga, anza katikati ya meno ya mbele ya chini, hesabu kuelekea nyuma upande wa kulia. Meno ya utoto ni matano kila upande, hayazidi. Lile bovu ni la sita. La sita huota mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi, nyuma ya mengine yote, bila kuliondoa lolote mahali pake. Huingia kimya, hakuna lililolegea, hakuna lililofungwa uzi, na kwa sababu hiyo nyumba nyingi hulihesabu pamoja na ya utoto. Likitoka halina mrithi. Hata mkilitupa juu ya paa la nyasi, la bati au la dhahabu, halirudi.

Kwa hiyo mabati ya shemeji yako yasilaumiwe tena. Nilicheka hapo mpaka miwani ikaniteleza. Kisha nikamfikiria mtoto anayeuliza jino huchukua miaka mingapi kurudi, nikaacha kucheka.

Sasa kuhusu doa. Jino lina gamba gumu la nje linaloitwa enameli, na gamba hilo ndilo ngao yake. Kwa baadhi ya watoto enameli ya magego haya ya kwanza, na pengine ya meno ya mbele, hutoka bila kukomaa. Nawe bila shaka umewahi kuona tanuri la matofali, kwa hiyo utanielewa. Tofali lililotolewa kabla ya kuiva lina umbo la tofali, lakini likinyeshewa linamomonyoka. Ndivyo lilivyo gego la Loveness. Baridi inapenya, mswaki unauma, mtoto analikwepa, chakula kinakaa, na uozo ambao kwenye jino zima ungebisha mlangoni miaka mingi, hapa unakuta mlango hauna komeo. Maumivu yalitangulia, Mama Loveness. Tundu lilikuja nyuma yake.

Meno ya Bibi ni habari nyingine. Maji ya sehemu fulani yana madini mengi ya floridi, na mtoto akiyanywa wakati meno yanajengwa, hupakwa rangi mengi kwa pamoja, kulia na kushoto. Huwa yanabaki na nguvu, ingawa yakizidiwa nayo humeguka. Doa la gego moja, lenye mpaka wake, ni jambo jingine, na halifanani na hilo ila kwa rangi. Bibi alisema kweli kuhusu kinywa chake. Kosa lenu nyote lilikuwa kukitumia kinywa hicho kupimia cha mtoto.

Hapa nitakukemea, nawe utavumilia. Majivu na mkaa! Ulichukua jino lenye ngao dhaifu ukalipiga msasa kila siku ya kuoga, na lilipolia kwa kinywa cha mtoto ukasema anadeka. Mtoto anayekataa maji baridi, anayetafuna upande mmoja na asiyefikisha mswaki nyuma amekwisha kusema yote anayoweza kusema. Mtoto wa miaka minane hana maneno mengine. Wewe ndiye uliyekuwa husikii. Majivu hayo yarudi shambani leo. Na yale makofi uliyopiga mbele ya wanawake wa jumuiya, sitayarudia, kwa kuwa naona yanakuuma yenyewe.

Kuhusu dawa za malaria, tua mzigo huo. Wataalamu hawajakubaliana juu ya chanzo, na hakuna aliyekufikisha mbele ya hakimu. Wanachojua ni kwamba gamba la gego hili hujengwa kuanzia karibu na kuzaliwa mpaka mtoto ana miaka kama mitatu, na wanashuku magonjwa ya kipindi hicho, hasa yenye homa kali. Mtoto wako alikuwa na homa kali ya kifua kabla hajatimiza mwaka. Huenda, nami nasisitiza huenda, ndiyo iliyoacha alama hiyo. Jirani yako mwambie ahesabu meno yake mwenyewe.

Sasa mambo ya nyumbani. Hutamtorosha mtoto kwenda Kahe. Mama yako ataulizwa, atadanganya, na Jumapili familia mbili zitakaa kanisani bila kusalimiana. Hutamzushia homa, kwani homa za kweli zimemtosha. Wala hutamngoja Godbless ashuke mlimani aje kusema unayoweza kusema wewe. Leo jioni, Bibi akiwa ameketi na amekula, msomee ukurasa huu kwa sauti, pamoja na mabati. Atauliza nani alianza kuwa na meno. Mwambie kwamba mimi nina miaka sabini na saba, na la sita langu la chini upande wa kulia ningali nalo. Kisha msomee yafuatayo, kwa sababu ni yake.

Bibi Mektrida, salamu za heshima kwako. Mtu mwingine angekuandikia kukufundisha. Mimi nakuandikia kukuomba. Wajina wako alipokuwa kifungu mgongoni mwako, mama yake alikuwa amekata tamaa na wewe ukashuka naye kwenye mvua. Ulimrudisha hai. Lakini ugonjwa ule huenda haukuondoka mikono mitupu, huenda uliacha kovu katika gego lililokuwa bado linajengwa ndani ya ufizi, na kovu hilo ndilo linalomkatiza wimbo leo. Kazi uliyoianza mvuani haijaisha. Mtu wako wa sokoni hawezi kukumalizia. Huyo anajua kutoa, na hapa kinachotakiwa ni kuokoa. Shuka naye tena hospitalini, wewe mwenyewe, Ijumaa asubuhi. Hesabu meno yake kwa kidole chako kabla hamjaondoka, na ukifika la sita ujiulize ni lini ulilifunga uzi jino la mahali hapo. Na Gidioni aende nanyi. Lililokwenda limekwenda, ila la nyuma yake linaegemea pengoni na daktari anaweza kuwa na la kufanya kuhusu hilo. Kisha umwambie kwamba halirudi. Umwambie wewe, kwa kuwa akiambiwa na mwingine ataendelea kukungojea wewe. Mtoto anayeweza kufanya mzaha wa mkungu wenye meno anaweza kubeba ukweli.

Nawe Mama Loveness, ukifika kliniki ya meno usisimame nyuma ya Bibi ukitazama viatu. Mweleze daktari kila kitu, baridi, mahindi, majivu pia. Muulize kama gego linaweza kuzibwa, au kuvikwa kofia ya chuma, na kama mengine yapakwe floridi ya kuyakinga. Muulize pia kuhusu magego mengine matatu ya sita, la chini kushoto na mawili ya juu, maana kasoro hii mara nyingi haiji peke yake. Mara nyingi tundu huweza kufunikwa siku hiyohiyo na maumivu yakatulia, kwa hiyo wimbo bado una nafasi kubwa. Ikiwa daktari ataona jino limeharibika mno, anaweza kushauri ling'olewe kwa mpango, katika umri ambao jirani yake wa nyuma atasogea na kuziba pengo. Akisema hivyo, msikilize. Uamuzi wa mtu aliyetazama na kupima hauwi sawa na wa mtu mwenye koleo na foleni sokoni.

Nyumbani, mswaki laini, maji ya uvuguvugu, dawa ya meno yenye floridi kiasi cha punje ya njegere, asubuhi na kabla ya kulala. Unampigia mswaki wewe mpaka umeridhika na mikono yake. Ateme, asimeze, wala asisukutue kwa maji mengi yakaiondoa dawa yote kinywani. Peremende na soda ambazo nina hakika mashangazi wa mjini watapanda nazo zifungiwe kabatini, atapewa kidogo baada ya chakula cha Jumapili na hatatembea nazo mfukoni. Jioni akienda mazoezini, mfunge kitambaa kinywani njiani, na ampe mwalimu wa kwaya salamu zangu: asimtazame mtoto mwingine bado.

Na Godbless atakapofika langoni na simu yake kushika mtandao, akute ujumbe wako umemtangulia: jino lipo.

Limebaki jambo moja, nami sitaki mlisahau katika haraka zenu. Loveness analo jino la juu analolisukuma kwa ulimi. Aimbe nalo Jumapili, likicheza litakavyo. Mkirudi kutoka kanisani, na gauni jeupe limevuliwa lisichafuke, Bibi atoe uzi wake na hadithi yake, na mtoto aipe nyumba mgongo. Watumie paa lolote wanalopenda, hata lile jipya la shemeji, na likiteleza likaangukia mgombani msilitafute, kwa sababu hilo mwenzake yuko tayari chini ya ufizi. Linalotikisika ni la Bibi. Lisilotikisika ni la Loveness.